Video inasema Papa Benedikto hakung'atuka kihalali. Nimjibu vipi mama wa jumuiya yetu?

Mwanajumuiya_Maweni

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo hapa Malindi, upande wa Maweni. Kazi yangu ni fundi simu. Naandika hapa kwa sababu nimekwama, na baba paroko hayupo hadi wiki ijayo.

Kuna mama mzee katika jumuiya yetu. Ndiye aliyenifundisha Salamu Maria kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Kila Alhamisi tukikutana kwake, hutandika mkeka chini ya mwembe, na nia za Rozari anazitaja yeye. Nia ya kwanza siku zote ilikuwa ya Baba Mtakatifu. Basi tangu miezi michache kabla Papa Francisko hajafariki, nia hiyo ameiacha. Anaanza na wagonjwa, anakwenda kwa watoto wa shule, anamalizia na marehemu. Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu wa umri. Papa Leo alipochaguliwa nikangoja nisikie jina lake. Kimya.

Alhamisi iliyopita nilibaki nyuma kumsaidia kukunja mkeka, nikamuuliza. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na simu, simu hiyo hiyo niliyomwekea kioo kipya mimi, akanifungulia video. Kuna muziki wa huzuni, kuna picha ya radi ikipiga kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro, na sauti ya mwanamume anayesoma Kiswahili kizuri tu. Anasema hivi: tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto XVI aliacha "ministerium", yaani huduma, lakini sheria ya Kanisa inataka Papa aache "munus", yaani wadhifa wenyewe. Kwa hiyo alibaki Papa hadi alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Kwa hiyo Francisko hakuwa Papa. Kwa hiyo na Leo XIV siye.

Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui Kilatini. Naogopa kumtajia Mungu jina ambalo si lenyewe."

Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Huyu si mbishi, ni mtu anayemcha Mungu, na mtu amepita katika ucha wake akaweka hofu.

Nina maswali mawili. Kwanza, hilo la munus na ministerium lina jibu gani la kueleweka na mtu wa kawaida? Pili, kwenu mliokuwa watu wazima wakati ule: vyombo vya habari vya Kanisa vilisema nini hasa? Mimi nilikuwa kijana wa miaka 19, na usiku wa siku ile ile ndio ulikuwa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais. Mtaa mzima ulikuwa mbele ya runinga, na habari ya Papa ilinipita kando.

Frateri_Likizoni

Milele na milele, amina. Nikujibu la kwanza.

Sheria yenyewe ni kanuni ya 332, kifungu cha 2. Inataka mambo mawili: Papa aache kwa hiari yake, na jambo hilo litangazwe ipasavyo. Haihitaji mtu yeyote akubali. Ni kweli kwamba kanuni hiyo inatumia neno munus, na ni kweli kwamba Benedikto alisema anaacha "ministerio Episcopi Romae". Ila video haikusoma tamko lote. Kwanza, kabla ya hapo katika tamko lile lile alisema nguvu zake kwa sababu ya uzee hazifai tena kutekeleza "munus Petrinum". Neno ambalo video inasema alilikwepa, limo. Pili, sentensi hiyo hiyo ya kung'atuka inamalizika kwa kusema kuwa kuanzia tarehe 28 Februari 2013, saa 20, kiti cha Roma, kiti cha Mtakatifu Petro, kitakuwa wazi ("vacet"), na kwamba lazima uitishwe mkutano wa kumchagua Baba Mtakatifu mpya. Mtu anayebakia kwenye kiti hasemi kiti kiko wazi.

Na aliulizwa akiwa hai. Februari 2014 alimwandikia mwandishi Andrea Tornielli kwamba hakuna shaka yoyote juu ya uhalali wa kujiuzulu kwake, na kwamba dhana za kuutilia shaka ni upuuzi. Mwaka 2021 gazeti la Corriere della Sera lilimwendea, akarudia kwamba hakuna Mapapa wawili, Papa ni mmoja tu.

Mwambie mama hayo kwa upole. Kilatini si cha kumtisha mtu mwenye Rozari mkononi.

Sakristani_wa_Zamani

Mwanangu mwenyekiti, frateri amemaliza la sheria. Mimi nikujibu hilo la pili, maana siku zile niliziishi, na nina kitu cha kusema juu ya hivyo vyombo vyetu.

Mwaka 2013 nilikuwa na kazi mbili. Alfajiri nilikuwa sakristani, mchana mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Waitaliano upande wa Casuarina. Kiitaliano nilikiokota hapo hapo mezani. Jumatatu ile tulikuwa tunatandua meza za chakula cha mchana, Februari, kaskazi na joto lake, wageni tele. Runinga ya baa ilikuwa kwenye stesheni ya kwao, sauti imezimwa. Mama mmoja wa makamo akaweka uma kwenye sahani, akasema "Il Papa", basi, hakuongeza neno. Nikageuka nikasoma maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya kioo. Ilikuwa inakaribia saa nane mchana kwa saa zetu.

Baadaye nilisoma habari hiyo ilivyotoka. Papa alikuwa na makardinali katika kikao cha kawaida cha kupitisha watakatifu wapya, wakiwemo wale mashahidi 800 wa Otranto. Mwisho akasoma karatasi yake kwa Kilatini. Mwandishi wa shirika la habari la Italia, ANSA, Giovanna Chirri, alikuwa anafuatilia kwenye runinga ya chumba cha waandishi, na kwa sababu alijifunza Kilatini akaelewa. Saa 5 na dakika 46 za Roma habari ikatoka. Mwanamke mmoja aliyesoma lugha ya Kanisa vizuri ndiye aliyeiambia dunia. Jambo hilo mimi hulipenda sana, na huwaambia watoto wa komunyo ya kwanza.

Jioni nilichukua redio ya masafa mafupi ya marehemu baba nikaitafuta idhaa ya Kiswahili ya Radio Vatikano. Pale nilisikia maneno yake mwenyewe: kwamba ameichunguza dhamiri yake mbele ya Mungu mara nyingi, kwamba nguvu zimepungua, kwamba anafanya hivi kwa uhuru kamili. Nilielewa. Nililia kidogo, lakini nilielewa.

Sasa yaliyofuata ndiyo yaliyotuchanganya. Keshokutwa yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, na kuanzia hapo kila aliyekuwa na kipaza sauti alikuwa na maelezo. Wageni walikuwa wakiniachia magazeti yao, na mimi nikiyasoma usiku. Magazeti ya kidunia yalishika habari za nyaraka zilizoibwa na mtumishi wa Papa, na ripoti ya siri ya makardinali watatu. Vyombo vya Kanisa vikajikuta vinazima moto, na anayezima moto hana nafasi ya kufundisha. Padri Lombardi, msemaji wa Vatikano, akirudia kila siku kwamba hakuna ugonjwa mahususi. Mhariri wa L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikano, akaandika kwamba uamuzi ulifanyika tangu safari ya Meksiko na Kuba, mwaka mmoja nyuma. Kardinali Dziwisz wa Kraków, aliyekuwa katibu wa Yohane Paulo II, akasema kwamba Yohane Paulo hakushuka msalabani. Neno hilo lilichoma watu. Hapo hotelini nilishuhudia mume na mke wakinuniana juu yake kwenye kifungua kinywa. Kisha tarehe 27, katika katekesi yake ya mwisho, Benedikto mwenyewe akasema hauachi Msalaba, bali anabaki kwa namna mpya karibu na Bwana Msulubiwa.

Ukiyapanga maoni ya siku zile utaona karibu yote yalikuwa na wahusika wawili tu. Ama Papa ni shujaa mnyenyekevu aliyefanya jambo lisilofanyika tangu Gregori XII mwaka 1415, ama Papa ni mtu aliyezingirwa na mbwa mwitu akasukumwa. Wakereketwa wetu walimsifu, wapinzani wakamhurumia, na mzee wa miaka 85 asiyeweza tena kusafiri akapotea katikati. Hata mambo madogo ambayo watu wangetaka kuyajua yalichelewa. Ataitwa nani? Hilo tuliambiwa tarehe 26, zimebaki siku mbili: Papa mstaafu, kanzu nyeupe ya kawaida, viatu vyekundu anaviacha na kuvaa vya kahawia alivyopewa León, Meksiko. Padri Ghirlanda, Mjesuiti na mwanasheria wa Kanisa, aliandika katika jarida la Wajesuiti, La Civiltà Cattolica, kwamba jina linalofaa ni askofu mstaafu wa Roma. Naona alikuwa na haki. Mavazi meupe mawili katika picha moja, na neno Papa mara mbili, ndiyo mbegu ya video hiyo unayoisema. Benedikto alipoulizwa kuhusu kanzu alijibu kwamba wakati ule hapakuwa na nguo nyingine tayari. Ni jibu la ukweli wa mtu mzee. Lakini lilikuja mwaka mmoja baadaye, na picha zilikuwa zimeshasambaa.

Kuna jambo moja tulilijua baada ya kifo chake tu. Wiki tisa kabla ya kufa alimwandikia mwandishi wa maisha yake, Peter Seewald, kwamba sababu kubwa ilikuwa kukosa usingizi. Tangu Siku ya Vijana kule Köln, Agosti 2005. Miaka saba na nusu ya dawa za usingizi. Kule Meksiko aliamka asubuhi akakuta leso imelowa damu; alijigonga usiku bila kujua. Daktari akamwambia apunguze dawa, na asifanye shughuli za hadhara nje ya nchi ila asubuhi tu. Na Julai 2013 kulikuwa na vijana wanamngoja Rio de Janeiro.

Simlaumu kwa kutolisema wakati ule, usingizi wa mtu ni siri yake. Lakini ona tofauti. Mweleze yule mama munus na ministerium atakutazama tu. Mwambie mzee hakulala vizuri kwa miaka saba, hata usiku mmoja akajigonga bila kujua, atakwambia, "Masikini baba wa watu, si angepumzika mapema." Hakuna mama wa Maweni asiyemjua mzee wa namna hiyo. Yuko katika kila nyumba.

Nikusimulie na la sakristia, kwa sababu hili mama huyo alilisikia kwa masikio yake.

Misale ya altareni, yaani kitabu cha sala za Misa, mahali pa kumtaja Baba Mtakatifu katika sala ya Ekaristi pameandikwa herufi tu ya kuwakilisha jina. Sisi tulikuwa tumebandika kijikaratasi chenye jina "Benedikto", mwandiko wa sista, tangu 2005. Usiku wa Alhamisi tarehe 28 Februari nilikuwa sakristia nikiandaa Misa ya kesho. Saa ya ukutani ilipofika saa nne, saa mbili usiku za Roma, kule Castel Gandolfo walinzi wa Uswisi walifunga lango wakaondoka, kazi yao ya kumlinda Papa imekwisha. Mimi nilikuwa na Misale mapajani. Padri aliingia kuchukua miwani, akaona nimeweka kidole pale, akaniambia, "Kibandue." Nikaingiza ukucha taratibu. Gundi ilikuwa ya miaka minane. Kijikaratasi kilitoka na ngozi ya ukurasa, kikaacha doa jeupe lenye manyoya, na herufi ya mwisho ya neno "wetu" ikachunika nayo.

Asubuhi, Misa ya saa kumi na mbili na nusu, padri alifika pale akapumua, akaruka moja kwa moja hadi kwa Askofu wetu Emanuel. Watu waliinua vichwa. Waliozoea sala ile kama njia ya kwao walihisi shimo. Tukasali hivyo siku kumi na tatu, katikati yake tukapiga kura tarehe 4 Machi na kungoja matokeo kwa roho juu, nchi haina rais mpya na Kanisa halina Papa. Kardinali Njue alikuwa Roma na wapiga kura wenzake 114. Tarehe 14 asubuhi nikabandika "Francisko" juu ya lile doa.

Mama huyo, kama ndiye ninayemdhania, alikuwa benchi la pili kulia, upande wa sanamu ya Mtakatifu Antoni. Muulize kama anaukumbuka ukimya ule. Kanisa zima, kuanzia Roma hadi Malindi, lilinyamaza pale pale penye jina, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu kweli. Na Benedikto, akiwa bado Papa kwa saa chache, asubuhi ya tarehe 28 aliwaambia makardinali kwamba Papa ajaye yuko miongoni mwao, na kwamba yeye anamwahidi heshima na utii bila masharti. Kama Benedikto alimtii Francisko, mama naye hana la kuogopa kulitaja jina lake.

Na usimshushie simu kwa ukali. Aliyemtumia video hiyo pengine ni mwanawe.

Langoni_Lamu

Assalaam alaykum na heri kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, jirani tu. Nimesoma mjadala huu kwa sababu ya lugha, ambayo nimeisomesha miaka mingi, na nina neno moja.

Siku ile hapa kwetu barazani wazee waliuliza: amefanya nini? Ni kwa sababu walichosikia kwenye runinga ni "ajiuzulu". Kwa Kiswahili chetu, kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo, na kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe; kwa asili si tusi. Lakini masikio ya leo yamezoea kulisikia neno hilo kwa waziri aliyeshikwa na jambo. Mwezi ule wa kampeni ndio zaidi. Kwa hiyo kabla mtu hajasikia sababu, neno lilikuwa limeshamhukumu.

Redio yao ya Vatikano hutumia "kung'atuka". Hilo ni neno lililoingia katika lugha kwa kinywa cha Mwalimu Nyerere, kutoka Kizanaki, alipoachia urais mwaka 1985. Mtu aking'atuka anaondoka kwa hiari, na heshima yake iko pale pale. Mzee mmoja barazani alipoelezwa hivyo alisema, "Aa, kama Mwalimu," na mazungumzo yakaishia hapo. Kijana, nakuona kwenye kichwa cha habari umeandika "hakung'atuka". Endelea na neno hilo mbele ya mama, usilibadilishe.

Mwanajumuiya_Maweni

Nawashukuru nyote, na wewe mwalimu wa Lamu, shukrani za pekee.

Niliwaahidi wengine faraghani kwamba nitarudisha jibu. Jana jioni nilikwenda. Nilikuwa nimechapisha tamko kwa Kiswahili, herufi kubwa, karatasi mbili. Nilimsomea lote, nikarudia sentensi ya kiti kuwa wazi. Akasikiliza macho yamefumba. Munus na ministerium sikuyataja kabisa hadi aliponiuliza mwenyewe, nikamweleza kwa ufupi kama frateri alivyoniambia.

Kisha nikamuuliza kama anakumbuka ile Misa ambayo jina halikutajwa. Akafungua macho. Akasema anakumbuka, na kwamba siku ile alidhani padri amesahau, akamtajia yeye kimoyomoyo, "Benedikto wetu," kumsaidia. (Sakristani, umekosea benchi. Alikuwa la tatu.)

Habari ya usingizi ndiyo iliyomkaa. Aliniuliza mara mbili: miaka saba? Nikamwambia saba na zaidi. Akanyamaza muda mrefu, akiwa ameshika ile karatasi ambayo hawezi kuisoma bila miwani.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikujiandaa nalo. Papa Francisko alikuwa mgonjwa miezi ile ya mwisho, sivyo? Nikamwambia ndiyo, alilazwa hospitalini Roma Februari na Machi 2025, mapafu, akafariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Basi alikuwa anaumwa na mimi nimemnyima Rozari."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia watu wengi walimwombea. Akatikisa kichwa.

Leo asubuhi nimempeleka kwa tuktuk hadi ofisi ya parokia. Alitoa shilingi mia mbili zilizofungwa kwenye ncha ya leso, akaagiza nia ya Misa. Katibu akauliza jina la marehemu, akaandika: Papa Francisko. Akauliza uhusiano. Mama akasema andika "mtoto wake". Katibu akanitazama, nami nikamwambia aandike.

Alhamisi tuko kwake. Ameniomba nije mapema nimsaidie kutandika mkeka.